HISA ZA INTANETI NA VITA VYA WAKUBWA: TUPIGE KURA TUKIJUA

Wapendwa walimu wetu, ndugu na dada wanafunzi,

Mara nyingi katika karatasi hizi kapita wa wanafunzi anaandika juu ya usafi, kuchelewa na kelele za bweni. Leo niko na neno lingine. Ni neno la pesa.

Wanafunzi wa mwaka wa sita wanajua habari hii, lakini wengine hawajui. Jumamosi iliyopita tulikuwa na mkutano juu ya pesa za Mtihani wa Serikali. Tumezikusanya kidogo kidogo tangu mwezi wa kumi. Wengine wamebeba makaa kwa kinga, wengine mama zao wameuza pondu na samaki. Ndugu mmoja akasimama akatoa shauri. Akasema: pesa zisilale bure katika sanduku, kuko mtu mjini anayeuza hisa za intaneti na televisheni kwa njia ya telefoni, tuziweke siku arobaini tu, zitarudi mara mbili. Akatoa na sababu: “Makampuni makubwa yanapigana kununuana. Canal+ imenunua watu wa DStv. Wakubwa wakipigana, bei ya hisa inapanda. Hata redio imesema.”

Wengi walipiga makofi. Mimi pia nilikuwa karibu kuinua mkono, sifichi. Tulikubaliana tungoje juma moja, na mimi nikapewa kazi ya kuuliza na kusoma. Niliketi na mwalimu wetu wa uchumi siku tatu. Haya ndiyo niliyoyapata.

HISA NI KITU GANI?

Wenzetu wa Komersiale wanavumilie kidogo, maana wanayajua haya kwa jina la Kifaransa, aksio. Wengine tuanze na mtumbwi.

Tuseme watu wanataka kununua mtumbwi wa moteri wa kuvusha abiria kutoka Kindu mjini kwenda Alunguli, ng’ambo ya Lualaba. Bei ni franka 4,000,000. (Ni hesabu ya shuleni tu, msiende kuuliza bandarini.) Hakuna mmoja aliye na pesa hizo zote. Basi wanagawa bei katika sehemu 100, kila sehemu franka 40,000. Sehemu moja ndiyo hisa moja. Mama mmoja muuza samaki ananunua hisa 5, analipa 200,000.

Mwisho wa mwaka, baada ya kulipa mafuta, mpiga moteri na ushuru, na baada ya kuweka akiba ya kutengeneza moteri, inabaki faida ya 800,000. Inagawanywa kwa hisa 100, kila hisa 8,000. Mama anapata 40,000. Hiyo inaitwa gawio. Kwa njia hiyo, miaka mitano itatosha kurudisha pesa yake yote, na hisa bado ni zake.

Angalieni maneno mawili hapa. La kwanza: faida ya mama inatoka kwa abiria wanaolipa kuvuka. Haitoki kwa mtu mwingine aliyenunua hisa nyuma yake. La pili: abiria anayevuka kila siku miaka kumi hana hata hisa moja. Analipa, anavuka, basi. Na sisi tunaonunua mega kila juma katika Airtel, Vodacom na Orange ni abiria. Sisi si wenye mtumbwi.

VITA VYA KUNUNUANA

Sasa anakuja mfanyabiashara mkubwa kutoka Kisangani. Anataka kivuko chote kiwe chake. Hahitaji hisa zote 100. Akipata 51 tu, yeye ndiye mwenye kusema nani aendeshe na bei ya kuvuka iwe ngapi. Anawaambia wenye hisa: nitanunua kila hisa kwa 55,000. Wazee wa mtumbwi wanakataa, wanasema ni kidogo. Anatokea tajiri wa pili, anasema 60,000. Wa kwanza anarudi na 70,000.

Nani anafurahi? Mama muuza samaki. Alinunua kwa 40,000, anauza 5 kwa 70,000, anapata 350,000. Wazee wetu husema tembo wakipigana nyasi ndizo zinaumia. Lakini katika vita hivi, nyasi iliyokuwa pale tangu mbele mara nyingine hulipwa vizuri.

Lakini kuko kijana mmoja. Yeye alisikia habari wakati bei imekwisha kupanda. Alikimbia akanunua kwa 68,000 akitumaini itafika 90,000. Kesho yake mkubwa wa bandari anasema: sitoi ruhusa mtu mmoja ashike kivuko chote. Matajiri wote wawili wanafunga mizigo. Bei inarudi 42,000. Kijana amepoteza 26,000 kwa kila hisa, na hakuna mtu wa kumlaumu.

Na huyo tajiri kama angeshinda? Mtumbwi wote kwa 70,000 kila hisa ni 7,000,000. Lakini faida ya mwaka ni ile ile 800,000, maana Lualaba haikuongeza abiria juu ya vita vyao. Angengoja karibu miaka tisa kurudisha pesa zake. Kwa hiyo mshindi wa vita anaweza kuwa ndiye aliyelipa kupita kiasi.

Mtumbwi huu ndio mfano wa kushika akilini. Mengine yote yanayofuata ni mtumbwi huo huo katika mito mikubwa.

HABARI YA CANAL+ NA DSTV

Ndugu aliyetoa shauri hakusema uongo juu ya redio. Vita vilikuwako kweli. MultiChoice ni kampuni ya Afrika ya Kusini inayoonyesha televisheni ya DStv. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2024, hisa yake moja ilikuwa karibu randi 75. Tarehe 1 Februari 2024 Canal+ ya Ufaransa, ambayo masahani yake tunayaona juu ya nyumba nyingi hapa Kindu, ilitangaza kwamba inataka kununua kwa randi 105. Wakubwa wa MultiChoice wakakataa, wakasema bei hiyo iko chini ya thamani.

Canal+ haikurudi nyumbani. Iliendelea kununua hisa sokoni mpaka ikapita 35 kwa mia. Hapo sheria ya Afrika ya Kusini ikaingia: mtu akipita kiasi hicho, analazimishwa kuwaletea wenye hisa wengine wote toleo la kununua, hata yule mwenye hisa kumi tu. Bei ikafika randi 125.

Hivi mtu angedhani mambo yamekwisha. Hapana. Sheria ya nchi ile inawazuia wageni kushika zaidi ya 20 kwa mia ya sauti katika kampuni yenye ruhusa ya kutangaza televisheni. Ikabidi sehemu yenye ruhusa itengwe. Baraza la mashindano ya biashara lilitoa kibali katika mwezi wa saba 2025, na Canal+ ikashika uongozi katika mwezi wa tisa 2025. Tangu toleo la kwanza mpaka mwisho ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Ndugu zangu, si siku arobaini!

Na jambo lingine. Canal+ yenyewe iliingia katika soko la hisa la London mwezi wa kumi na mbili 2024. Siku ya kwanza tu hisa yake ilianguka zaidi ya sehemu moja ya tano. Mtu aliyenunua asubuhi, jioni alikuwa amepoteza. Na leo vita vimekwisha. Anayetuambia tununue sasa juu ya vita vya Canal+ na DStv anatuita karamuni wakati sahani zinaoshwa.

MAJINA YALIYOBADILIKA MBELE YA MACHO YETU

Hata katika Kongo yetu vita vya kununuana vimepita, tukaona tu rangi za vibanda zikibadilika. Waulizeni wakubwa wenu nyumbani juu ya Celtel. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1998 na Mo Ibrahim, mtu aliyezaliwa Sudani. Mwaka 2005 iliuzwa kwa kampuni ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. Mwaka 2008 jina Celtel likaondoka, ikaitwa Zain. Mwaka 2010 Bharti Airtel ya Uhindi ikanunua kazi za Zain katika nchi 15 za Afrika, kwa thamani ya dola bilioni 10.7. Ndiyo Airtel ya leo. Namba ya telefoni ya baba ikabaki ile ile, lakini wenye mtumbwi wakawa wengine mara mbili.

Congo Chine Télécom nayo ilikuwa ya kampuni ya ZTE ya Uchina kwa sehemu 51 na ya Serikali yetu kwa sehemu 49. France Télécom iliinunua mwaka 2011, na ikawa Orange. Mwaka 2016 Orange ikanunua pia Tigo ya Kongo kwa dola milioni 160. Na Vodacom Congo ilianza na sehemu 51 za Vodacom ya Afrika ya Kusini na 49 za Congolese Wireless Network. Wenye hao wawili waligombana miaka mingi juu ya kuongeza mtaji. Mnaona hizo namba 51 na 49? Tofauti ni mbili tu, lakini 51 ndiyo inayoshika usukani.

Katika biashara hizo zote, mtu wa kawaida wa Kindu angeweza kununua hisa wapi? Hakuna mahali. Nchi yetu haina soko la hisa. Kampuni ziliuzwa kati ya wakubwa, mezani kwao. Airtel Africa iliingia sokoni mwaka 2019, lakini ni soko la London na la Nigeria, si Kinshasa. Na huko London pia, bei ya kwanza ilikuwa pensi 80, ikaanguka siku ile ile ya kwanza. Baadaye ikapanda kupita 100, lakini kwa wale waliongoja.

JIRANI ZETU WALIFANYAJE?

Isidhaniwe kwamba hisa ni dhambi au ni bahati nasibu tu. Jirani zetu wa mashariki wamefungua mlango kwa mtu mdogo, na tunaweza kujifunza kwao.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, yaani robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Watu zaidi ya 800,000 waliomba. Walikuwako walimu, wakulima na wauza mboga, na wengine walikopa banki. Watu walikuwa wengi hata wakapewa sehemu tu ya hisa walizoomba, na pesa nyingine wakarudishiwa. Tarehe 9 Juni 2008 hisa ziliingia soko la Nairobi, bei ikapita shilingi 7. Furaha! Lakini mwaka huo huo ikaanguka chini ya 5, na mwanzoni mwa 2009 ilikuwa karibu shilingi 3. Aliyekopa ili anunue, banki haikumngoja. Akauza kwa hasara.

Aliyenunua kwa pesa yake ya ziada akatulia, aliona nini? Mwaka 2021 hisa ilipita shilingi 40. Mwaka 2023 ikashuka tena chini ya 15. Hata hapo, yule wa shilingi 5 alikuwa bado juu, na kila mwaka alipokea gawio. Lakini aliyenunua kwa 40 alilia. Kampuni ni moja, hisa ni ile ile. Tofauti ni bei ya kuingia na muda wa kungoja.

Tanzania ilitunga sheria kwamba makampuni ya telefoni yauze robo ya hisa kwa watu. Vodacom ya Tanzania ikauza mwaka 2017 kwa shilingi 850, na miaka iliyofuata bei ikashuka chini ya hapo. Uganda, MTN iliuza mwaka 2021 kwa shilingi 200 za kwao, na Airtel mwaka 2023 kwa shilingi 100. Zote mbili hazikumaliza hisa walizotaka kuuza. Kwa hiyo si kila jina kubwa linalokimbiliwa, na si kila linalokimbiliwa linalopanda.

Tena, katika nchi hizo zote mnunuzi anapita kwa dalali mwenye ruhusa ya serikali. Jina lake linaandikwa katika daftari la wenye hisa. Akidhulumiwa, iko ofisi ya kulalamikia. Yule mtu wa mjini, tukiulizana kwa ukweli, dalali wake ni nani? Daftari lake liko wapi?

HATA MAREKANI WALIANGUKA

Msiseme ni ujinga wa Waafrika. Mwezi wa kwanza 2000, AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, ilitangaza kuungana na Time Warner, wenye majarida, sinema na televisheni ya waya. Hisa za intaneti zilikuwa zimepanda kama moshi, na AOL ililipa kwa hisa zake hizo. Magazeti yakasema huu ni wakati mpya. Kwa mwaka 2002 kampuni hiyo ilipata hasara ya karibu dola bilioni 99. Mwaka 2009 wakaachana. Watu wenye diploma kubwa walikuwa mezani, tena na mawakili. Walisahau hesabu ya mtumbwi: abiria ni wangapi, na faida ya kila mwaka ni ngapi?

MASWALI MATATU

Kutokana na hayo yote nimepata maswali matatu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuyauliza, na mzee pia.

1. Nikinunua, jina langu linaandikwa wapi, na nani anaweza kunionyesha? Namba zinazopanda katika telefoni si daftari.

2. Faida inatoka wapi? Inatoka kwa abiria, au inatoka kwa mtu atakayeingia nyuma yangu? Kama mtu anakuambia “leta wenzako wawili upate zaidi,” basi mtumbwi hakuna. Kuko foleni tu. Wazazi wetu wanakumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa. Iliahidi kurudisha pesa mara nyingi baada ya majuma machache. Wa kwanza walilipwa kwa pesa za wa mwisho. Mwaka 1991 ikavunjika, na wengi walioweka mali yao yote hawakupata kitu.

3. Pesa hii ina kazi gani, na kazi hiyo inangoja mpaka lini? Hisa nzuri kabisa inaweza kushuka nusu kabla ya kupanda. Safaricom ilifanya hivyo. Pesa ya mwaka wa mbali inaweza kungoja. Pesa ya mtihani haiwezi.

SHAURI LANGU

Nilimwendea yule ndugu aliyetoa shauri, tukaongea kirafiki. Nataka wote mjue kwamba nia yake ilikuwa njema. Wenzetu wanne bado hawajamaliza kulipa, na yeye alitafuta njia ya kuwasaidia. Tulijaribu maswali matatu pamoja. Kwa la kwanza hakupata jibu. Kwa la pili, alikumbuka kwamba yule mtu alimwambia alete wenzake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Kapita, kumbe ni foleni.” Hivyo msimcheke. Sisi tuliopiga makofi tulikuwa wengi kuliko yeye.

Shauri langu kwa Jumamosi ni hili. Pesa za mtihani zibaki sandukuni, funguo mbili kwa watu wawili kama zamani, mpaka siku ya kuzipeleka kwa Bwana Prefe. Kwa wenzetu wanne, tufanye likelemba ya kazi: Jumamosi mbili za kubeba matofali, na malipo yote yaende kwao. Ni hesabu ndogo, lakini tunaona inatoka wapi. Nimeuliza, na kazi ya matofali iko.

Na wenye hamu ya hisa, msiiache hamu hiyo. Siku moja labda nchi yetu nayo itakuwa na soko lake, na mmoja wenu atakuwa dalali mwenye ruhusa, au mwandishi wa sheria ya kumlinda mwenye hisa kumi. Ajifunze hesabu sasa. Bwana wetu, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anaketi, anahesabu. Yule mwenye talanta tano naye alifanya biashara, hakuzika. Yote mawili yako katika Neno: kuketi na kuhesabu, kisha kufanya biashara. Sisi tulitaka kuanza na la pili.

Jumamosi saa nane, baada ya chakula, katika darasa la mwaka wa sita. Wote wafike kwa wakati. Atakayechelewa asilalamike juu ya kura.

Wenu katika kazi,

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita